Hasomi, Anaolewa

Kiangazi chote cha mwaka tisini na tisa, pale Maskati, Omani, Radhia alikuwa na hasira, na haki alikuwa nayo. Alimaliza sekondari kwa asilimia tisini na moja, akaomba chuo cha famasia, chuo kikamjibu kwamba amefaulu ila nafasi zimejaa. Akawekwa kwenye orodha ya kungojea, mtu wa pili. Ukiambiwa umeshindwa, utalia na yataisha. Ukiambiwa ungoje, kila simu ikilia unatega sikio, kumbe ni mtu anamuulizia mama yako sambusa za harusi.

Na muda wa kungoja hakuwa nao. Baba yake alikuwa ameshafariki, na mwenye kauli juu yake alikuwa ami yake, ndugu wa baba, Marhoon, mwenye gereji kule Ghala. Huyu ami alikuwa na mtoto wa kiume, Ghassan, na tangu Radhia yuko mdogo ukoo mzima ulikuwa ukimtaja yeye na Ghassan kwa pumzi moja. Ghassan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hana mazungumzo tu, isipokuwa ya mipira ya gari. Baada ya kuvutana sana, ami akatoa neno lake mbele ya mama yake Radhia, Bi Sayyida: msichana akipata chuo, asome kwanza. Akikosa, posa ijibiwe kabla ya Ramadhani, khalas.

Mtu aliyempa ushauri wa maana alikuwa Akinyi, Mkenya aliyekuwa akimfundisha Kiingereza jioni pale Ruwi. Akinyi hakuwa na subira na machozi.

"Radhia, wacha kulia, hiyo listi si kaburi," alimwambia. "Watu hutoka huko kila mwaka. Waandikie barua, moja tu, ukurasa mmoja. Waambie bado unataka, na wakikuita hata kesho utakuja. Kama kuna kitu kipya umefanya, waonyeshe. Usiwahadithie shida zako. Na usitume wazee waende kuwasumbua ofisini, wataona wewe ni kichwa maji."

Radhia akafanya yote. Akaandika barua, akaifuta, akaiandika tena mpaka ikawa haina hata neno moja la kuomboleza. Akafanya mtihani wa Kiingereza kwa mwalimu, akapata alama nzuri, akazipeleka chuoni kwa mkono wake. Akamuuliza karani ni lini watu huitwa, akamshukuru, akaondoka bila ya kukaa kumganda.

"Na hiyo namba ya simu umewapa, nani hushika?" Akinyi alimuuliza.

"Mama."

"Basi mtayarishe mama."

Hapo ndipo penye kazi. Bi Sayyida alizaliwa Unguja, akaja Maskati mtu mzima na watoto, na Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni: cha kununulia samaki Matrah na kumfukuzia muuza mazulia. Radhia akamkalisha pale nyumbani kwao Darsait, kwenye kijibarza cha simu, akamfundisha. Wakipiga, watasema Kiarabu. Wewe sema naam, hapa ndipo kwa Radhia. Sema yupo. Sema anataka. Bi Sayyida alirudia maneno yale akipika, akifua, hata akitia udhu, kama mtoto anayejifunza sura mpya. Alimpenda binti yake na alitaka asome. Hilo lazima lisemwe, maana bila ya hilo mtu angeweza kumchukia na kupumzika.

Lakini Bi Sayyida alikuwa na maradhi yake, na maradhi yenyewe ni kuogopa jicho la husuda. Jambo la kheri kwake lilikuwa kama maziwa, likiachwa wazi linaingia nzi. Mwanawe mkubwa alipopata kazi benki, aliwaambia watu kijana anaumwa mgongo, hajiwezi. Walipopata gari mpya, aliwaambia ni ya kuazima, na wakaiegesha mtaa wa pili mpaka ikapata mikwaruzo ya kuheshimika. Ikawa kila akija mwanamke kumtembelea, akinywa kahawa yake na kuuliza, "Na Radhia je, chuo kapata?" Bi Sayyida hujibu bila kupepesa, "Ah, huyo hasomi, anaolewa." Radhia akimsikia yuko jikoni hucheka. Alicheka! Baadaye ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alikuwa akicheka.

Ami Marhoon naye hakukubali kukaa kando. "Mie nnaye mtu wangu wizarani," akasema. "Nitamwendea na sahani ya halua, tukae, tuzungumze. Mambo hapa hayaendi kwa barua, mwanangu, yanaenda kwa uso." Radhia alimwomba asiende. Ami akamcheka, akamwambia yeye ni mtoto hajui dunia, na siku ya pili akapita na halua yenyewe garini, bado moto, ili waione.

Zikapita wiki mbili kimya. Kisha Radhia akakutana na msichana waliyesoma naye, Zuwena, dukani, ananunua koti jeupe. Zuwena alikuwa wa nne kwenye orodha.

"Wameniita!" akasema. "Na wewe si umeshaitwa? Ulikuwa mbele yangu." Kisha akatabasamu. "Ah, nimesahau. Mabruk, nasikia harusi mwezi ujao."

Radhia aligeuka, akamwacha pale pale. Alitoka nje, jua linawaka kama limetumwa, akasimamisha teksi akaenda Ghala. Njia nzima alikuwa akiipanga hesabu, na hesabu ilikuwa nyepesi: nani aliyekuwa akitaka akose? Nani aliyekwenda wizarani na sahani ya halua? Akaingia gerejini kwa ami yake, mahali ambapo hakuwa ameingia tangu utoto, na mafundi wote wakainua vichwa kutoka kwenye mainjini.

"Ami, umewaambia nini?" alimuuliza, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Umekwenda kunivunjia! Umewaambia nnaolewa ili unipate kwa mwanao! Sema!"

"Wee mtoto, una adabu?"

"Adabu ninayo. Nafasi yangu ndiyo sina!"

Ghassan alitoka chini ya gari, mikono imejaa grisi, akasimama hajui atazame wapi. Ami Marhoon alipandisha hasira, zikamshuka, akaapa, kisha akamvuta Radhia pembeni na kumwambia la kweli kwa sauti ndogo ya mtu aliyekamatwa. Wizarani hakufika. Mtu wake alikuwa ameshastaafu mwaka juzi, na yeye aliona haya kurudi na habari hiyo. Halua aliila yeye na mlinzi wa getini.

"Sikukusaidia, kweli," akasema. "Lakini sikukuvunjia. Wallahi."

Radhia alimtazama akajua hasemi uongo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini halipasui ukuta. Hasira zikabaki bila ya pa kutua, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu hasira kama hizo hutafuta.

Teksi ile ile ikampeleka chuoni. Kwenye ofisi ya kuandikisha wanafunzi alikuwapo dada mmoja wa makamo, mweupe wa uso, kwenye kibao chake pameandikwa Kheiria. Radhia akajitaja jina kwa Kiarabu. Kheiria akakunja uso, akapekua, kisha akang'aa kabisa, akaingia Kiswahili cha Unguja kilichonyooka.

"Wewe ndiye Radhia? Hongera, bibi harusi! Mama yako kanifurahisha siku ile."

"Siku gani?"

"Jumamosi iliyopita, tulipofungua wiki. Nilipiga mie mwenyewe, nafasi yako ilikuwa tayari. Mama kaitika kwa Kiarabu, maskini, anababaika, nikamsikia ni wa kwetu. Nikaona nimpunguzie taabu. Nikamwambia, bi mkubwa, mie Kheiria, nnapiga kutoka chuo cha famasia, namuulizia Radhia, bado anataka kusoma? Akasema, ah, huyo hasomi, anaolewa na mtoto wa ami yake. Nikamuuliza mara ya pili, una hakika? Akasema, mbona unauliza sana, mwanangu? Basi nikampa wa tatu, huyo akakataa, nikampa wa nne." Tabasamu likaanza kumpungua. "Kwani huolewi?"

Radhia alishika ukingo wa meza. Alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka kuichukua simu iliyokuwa pale na kuitupa dirishani. Huyu dada alikuwa amemfanyia wema. Alitoka kwenye lugha ya ofisi akaingia lugha ya nyumbani, kwa huruma tu, na huko huko nyumbani ndiko jicho linakoogopwa.

"Bado nataka," Radhia alisema. "Niliandika. Barua yangu iko hapo kwenye faili langu. Niliandika nnataka."

Kheiria alilifungua faili, akaisoma barua mpaka mwisho, na uso ukamwiva. "Nafasi imeshachukuliwa, mdogo wangu. Siwezi kumnyang'anya aliyeshapewa. Uandikishaji unafungwa Jumatano. Akiondoka mtu kabla ya hapo, nitakupigia wewe, na nitasema Kiarabu mpaka nikusikie sauti yako. Mwakani omba mapema, barua hii nitaiweka mimi."

Bi Sayyida alikuwa akikunja sambusa Radhia alipoingia. Radhia hakuvua hata viatu.

"Mama, Jumamosi alipiga mwanamke akiniulizia chuo. Ulimwambia nini?"

"Mwanamke gani? Wanapiga wengi, wana kazi gani?" Kisha akakumbuka, akafurahi. "Aa, yule! Nilimkata vizuri. Anajifanya anapiga kutoka chuoni, ananichimba. Nikamwambia hasomi, anaolewa. Akatulia."

"Alikuwa anapiga kutoka chuoni."

"Mwanamke yule kasema Kiswahili, Radhia."

"Ndiyo!"

"Tangu lini ofisi ikasema Kiswahili?" Bi Sayyida aliuliza, na aliuliza kwa dhati, kama anayetaka kuelezwa. "Miaka yote nakwenda ofisini kwao nasimama kama bubu. Hakuna hata mmoja aliyenisemesha. Kiswahili naulizwa na nani? Naulizwa na Bi fulani na binti fulani, wanataka kujua tuna nini. Ningejuaje?"

"Ungeniita! Nilikuwa chumbani! Ungesema subiri nimwite mwenyewe! Lakini hapana, wewe unaogopa macho ya watu, macho ambayo hayajatufanya lolote. Nani alinihusudu, mama? Mtaje! Hakuna jicho lililonifikia. Kilichonifikia ni ulimi wako."

Neno lile likakaa chumbani. Binti hamwambii mama yake hivyo, na Radhia alijua, na hakulirudisha. Bi Sayyida alitazama mikono yake yenye unga. Sambusa iliyokuwa kiganjani ilikuwa haijafungwa, nyama inamwagika, naye haoni.

Tangu siku ile hakutoka kwenye kijibarza cha simu. Alilala pale mchana, alikula pale. Simu ikilia anaikamata kabla haijamaliza mlio, anasema kwa Kiarabu chake chote, naam, yupo, anataka. Wateja wa sambusa walidhani amechanganyikiwa. Radhia alipita mbele yake bila kumsemesha. Alikuwa akiweka chai karibu yake na kuondoka, na hata kule kuweka chai kulimkera.

Jumatano saa nane mchana ofisi zikafungwa. Kheiria alipiga mapema kidogo, akasema Kiarabu mpaka alipomsikia Radhia mwenyewe, kisha akamwambia kwa Kiswahili kwamba hakuna aliyeondoka.

Alhamisi jioni wanawake watatu wa mtaani walikuwa wamekuja, wamekaa na vikombe vya kahawa, wamekuja kupongeza. Uongo wa Bi Sayyida ulikuwa umeshazunguka Darsait yote na kurudi mlangoni umevaa nguo za harusi. Simu ikalia. Alikuwa mke wa Ami Marhoon, na sauti yake ya furaha ilisikika mpaka kwenye mazulia: kila mtu anawapa mabruk, chuo Radhia kakosa, ami kaahidi, basi waje kesho baada ya sala ya Ijumaa wakate neno?

Radhia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la tende. Alimtazama mama yake, na machoni mwake hamkuwa na msamaha hata tone.

Bi Sayyida aliuhamishia mkono wa simu sikio la pili. Aliwatazama wageni mmoja mmoja, wale wale aliokuwa akiwaficha gari, kazi na kila kheri aliyopewa na Mungu. Wakaacha kunywa.

"Msije, ndugu yangu," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumfikia jirani wa juu. "Radhia haolewi. Nilisema uongo. Mwanangu kapata asilimia tisini na moja, chuo kilimwita, na mie ndiye niliyemkosesha. Mwambie Marhoon ahadi yake ilikuwa asome akiitwa, na ameitwa. Mwakani anaomba tena, na anapata. Waambie wote. Mwenye jicho na atazame."