Mnyonya Damu Aliyekula Kitunguu Saumu

Rento Hayase alikuwa na sauti nzito, tulivu, ambayo wasichana wengi wa Tokyo walilala nayo masikioni. Ndiyo maana alipewa sauti ya mwindaji wa wanyonya damu katika filamu yetu ya katuni, nami nikiwa fundi sauti nilifurahi sana. Kijana hakuwahi kukosea neno. Shida yake ilikuwa moja tu: hakujua kuogopa.

Tulikuwa tumebakiza tukio ambamo mwindaji, mtu asiyeogopa chochote filamu nzima, anafungua jeneza na kumkuta malkia wa wanyonya damu yu macho. Hapo anatakiwa kupiga ukelele. Rento alipiga. Ulisikika kama wa mtu aliyeachwa na treni huku akijua nyingine inakuja nyuma.

"Rento," alisema mwongozaji wetu, Kambe, akijikuna kichwa. "Huyu ni maiti wa miaka mia tano. Anataka shingo yako. Wewe unalalamika kama umeletewa chai ya baridi."

"Samahani sana. Narudia."

Akarudia. Chai ikazidi kupoa.

Lawama nyingine ilimwangukia malkia mwenyewe. Sauti yake ilitolewa na Mama Onodera, bibi mfupi mwenye miwani ya mnyororo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa sauti ya nungunungu mdogo kwenye televisheni, yule aliyewafundisha watoto wa nchi nzima kupiga mswaki. Alipofoka, "Nitainywa damu yako," sote tulijikuta tukipitisha ulimi kwenye meno.

"Mwalimu, usinielewe vibaya," Rento alimwambia akiinama, maana wakongwe wa kazi yetu huitwa mwalimu. "Nikikusikia najiona niko chekechea, nimevaa kofia yangu ya njano."

"Basi malkia anatawala chekechea nzima. Utaogopa?"

"Hapana, mwalimu. Naona kama watoto watafurahi."

Kambe akatuachia twende tukale. Mama Onodera akaenda kwenye kibanda cha gyoza, vile visambusa vya nyama vya kukaanga, karibu na stesheni, ambako mwenye kibanda hutia vitunguu saumu, ambavyo wanyonya damu wa hadithi huvikimbia, bila huruma. Alirudi midomo ikimeremeta mafuta, amejaa amani.

Sasa chumba cha kurekodia hufungwa kabisa ili sauti ya nje isiingie. Na harufu ya ndani haitoki. Wawili hao wakasimama bega kwa bega mbele ya vipaza sauti, wakitazama kwenye skrini michoro ambayo bado ilikuwa mistari ya penseli. Taa nyekundu ikawaka. Mswada ulimtaka malkia amsogelee mwindaji na kushusha pumzi ndefu. Mama Onodera ni mtu wa kuheshimu mswada. Akamgeukia Rento, akaishusha yote.

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo. Nilimwona Rento akifumba macho, akifumbua, machozi yakimtoka. Kisha ukamtoka ukelele mwembamba, wa kukatikakatika, ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Vinyweleo vya mikono yangu vikasimama.

"Ndiyo huo," Kambe akanong'ona. "Tumeupata."

Hatukuupata. Rento alipokuwa akirudi nyuma alipiga kumbo kipaza sauti kikaanguka, na kishindo kikajirekodi katikati ya ukelele.

"Kitoe hicho kishindo," Kambe akaniambia.

"Vimeshikana, bosi. Nikitoa kimoja naua na kingine."

Kesho yake Kambe alikuja na dawa. Aliagiza gyoza za kutosha kwa ajili ya Mama Onodera, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, hakuweza kumlisha mmoja wengine wakitazama. Tukala sote, Rento akala kuliko wote. Taa ikawaka, Mama Onodera akashusha pumzi kama jana, na hakuna aliyesikia harufu yoyote, kwa sababu wote tulinuka sawasawa. Rento akaachwa na treni tena. Kambe akalaza kichwa mezani.

Mama Onodera ndiye aliyeweka mswada chini.

"Mwanangu, jana uliweza. Leo unabana nini?"

Rento aliangalia viatu vyake. "Ule wa jana ulikuwa mbaya, mwalimu. Nikipiga kelele kweli, natoka kama mbuzi. Watu wananipenda kwa sauti hii nyingine."

"Hebu nimsikie huyo mbuzi. Kidogo tu."

Akamtoa kidogo. Alikuwa mbuzi kweli. Mama Onodera alicheka mpaka akashikilia ukuta, na Rento akawa mwekundu hadi masikio.

"Unajua yule nungunungu nilimpataje?" Mama Onodera alimwambia akifuta miwani. "Nilikwenda kwenye usaili nikiwa na mafua. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba si mimi, ni mtu wa jina kama langu. Sauti mbaya hiyo imenijengea nyumba. Mtoe mbuzi wako, bwana, ana njaa."

Rento akavuta pumzi, akamfungulia. Mbuzi alitoka mzima, na nyuma yake ukatoka woga wa kila aina aliokuwa nao. Kambe alinipigapiga begani, kwa muda mrefu.

Siku filamu ilipoonyeshwa, watu walianza kucheka kwenye ukelele ule, kisha kicheko kikafa katikati. Bwana mmoja mbele yangu alimshika mkono jirani asiyemjua na hakuuachia mpaka mwisho.

Nje, wasichana walimzingira Rento kando ya barabara. Hawakutaka ile sauti tulivu. Walitaka ukelele. Alikataa, akabembelezwa, akamtazama Mama Onodera, akaupiga. Polisi wa kituo cha jirani akaja mbio, akiuliza aliyeumia yuko wapi.

Mama Onodera akainama kwa heshima. "Hakuna aliyeumia, afande. Ni mwanangu, yuko kazini."

Polisi akamwangalia vizuri, kisha akauliza polepole kama si yeye yule nungunungu wa mswaki. Mama Onodera aliposema ndiye, polisi akavua kofia na kumwonyesha meno yake, meupe yote.