Mate ya Baba Mdogo

Wahenga waliposema mla ni mla leo, mla jana kala nini, hawakujua kwamba ingefika siku mtu mzima, mwenye mke, watoto na kazi ya kuvalia tai, angetema mate kwenye kichupa, ayapeleke kwa wataalamu, kisha alipie ili aambiwe asile. Siku hiyo ilifika, na ilifikia nyumba aliyokuwa akiishi Mama Cherehani.

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu alishonea mtaa mzima kabla macho hayajaanza kumgomea. Sasa alikaa kwa mwanawe, chumba cha nyuma kinachopakana na jiko, na cherehani yake ilibaki na kazi moja tu: kupunguza suruali za huyo mwana. Alishazipunguza zote kiuno, akazipunguza tena. Asubuhi moja alipoletewa ile ya kijivu kwa mara nyingine, aliona mifuko miwili ya nyuma imekaribia kubusiana.

"Mwanangu, nikiikata tena hii nitakuwa nashona soksi."

"Huo ndio uzito wangu wa asili, mama," akajibu mwanawe, akishikilia kiuno kwa mkono mmoja. "Vinasaba vimesema."

Na kweli vilikuwa vimesema, tena vilikuwa na mdomo. Ripoti ililetwa kwenye bahasha nzuri kuliko kadi ya harusi, kurasa za rangi tatu: kijani kula, njano jihadhari, nyekundu usithubutu. Kwenye nyekundu walikuwemo jamaa wote wa zamani wa familia, yaani chumvi, sukari, nyama, mayai, siagi na mkate mweupe. Kwenye kijani kulikuwa na kabichi, majani mengine yaliyofanana na kabichi, na mbegu fulani ambazo mkewe alizisaka soko zima akaishia kuuziwa chakula cha kasuku. Akazipika hivyo hivyo. Bwana akazila, akasema anajisikia mwepesi.

Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa afisa wa bima ya maisha, na kazi ya kuwaambia watu kila siku kwamba watakufa ilimgeuka ikamwingia mwenyewe. Marehemu baba yake, seremala, alianguka karakanani randa ikiwa mkononi, akawa amekwenda kabla hajafikishwa hospitali. Moyo, walisema. Kaka wa huyo baba naye alikwenda kwa moyo. Na sasa afisa wetu alikuwa amefikia umri ule ule aliofia baba yake, na kila akipanda ngazi za ofisini alisimama katikati kusikiliza kifua.

Mtaalamu wa lishe, binti mmoja wa koti jeupe na sauti ya upole, alimweleza ukweli wake: vinasaba vyake vyenyewe havikuwa na la kutisha. Lakini kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameeleza habari za baba na baba mkubwa, basi historia ya ukoo ilitaka tahadhari. Wakamgeuzia karibu kijani chote kuwa nyekundu.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipopata taabu ya kuishi nyumba moja na mjinga ambaye ujinga wake umeusababisha wewe. Kwa sababu moyo ule aliokuwa akiukimbia mwanawe, hakuwa nao. Hakuwa na pa kuupatia. Mama Cherehani aliolewa na seremala akiwa tayari na mimba ya mtu mwingine, seremala akijua, na siri hiyo walikaa nayo wawili mpaka mmoja akaenda nayo kaburini. Akisema, mwanawe angepoteza baba. Asiposema, angepoteza kilo zilizobaki. Basi akanyamaza, na kwa kuwa hakuzoea kunyamaza, yale aliyoyabana upande mmoja yakamtokea upande mwingine.

"Watu wazima husifiwa kwamba wamekula chumvi nyingi," alisema jioni moja mezani, akiikagua kabichi kwa uma. "Wewe utakapozeeka watakusifu kwa lipi?"

"Nitazeeka kwanza, mama. Sifa baadaye."

"Zamani mganga alikuwa akikupa mwiko mmoja. Usile kuku, basi, maisha yanaendelea. Hawa wako wamekupa miiko mingapi?"

Mkewe, ambaye alikuwa akipika vyungu viwili kila siku, kimoja cha binadamu na kingine cha ripoti, aliinuka akaenda jikoni, akarudi na mwiko wa kusongea, akaulaza mbele ya mumewe.

"Yeye ana miiko yake, mama. Mimi nina huu mmoja, na mkono umechoka. Kuanzia kesho, mwenye miiko ashike mwiko."

Watoto walicheka mpaka wakapaliwa. Afisa wa bima hakucheka. Kesho yake alisonga mwenyewe, na hilo likawa janga jingine, ila si la hadithi hii.

Mambo yaliharibika pale kliniki ilipomletea ofa. Waliiita kifurushi cha ukoo. Ukileta mate ya mama, na mate ya mtu mmoja wa upande wa baba, watayalinganisha na yako, wakuoneshe kipi umekirithi kwa nani, na chakula chako kipangwe barabara. Baba hayupo, lakini baba mdogo yupo, tena buheri wa afya. Alikuwa refa mstaafu, mtu asiyewahi kukataa kitu cha bure.

"Mate tu?" refa aliuliza kwenye simu. "Mwanangu, mimi mate ninayo mpaka ya kugawa."

Wakapatana Jumamosi. Sharti lilikuwa moja, watoa mate wasile wala wasinywe chochote tangu kuamka.

Mama Cherehani hakulala vizuri wiki ile. Alijaribu kujifanya mgonjwa, akaambiwa mate ya mgonjwa yanafaa pia. Akasema mate ya mtu hayatolewi ovyo, watu wabaya, akajibiwa kwamba kliniki ina cheti. Jumamosi ilipofika, mwanawe akatoka mapema kufuata vichupa, na mkewe akaenda sokoni na watoto. Baba mdogo akawasili kabla ya wote, amenyoa, mdomo umefungwa kama mtu aliyebeba amana.

"Karibu, shemeji," akasema Mama Cherehani. "Na utakaa mdomo mkavu hivyo, nyumbani kwa mwanao?"

"Nimekatazwa, shemeji."

"Umekatazwa na nani? Wewe hukatazwi, wewe ndiye unayekataza. Chai tu, hiyo."

Chai ilikuja na sukari. Sukari ikaita mkate, mkate ukaita siagi, na kutoka chini ya kitanda cha Mama Cherehani, alikokuwa amewahifadhi wakimbizi wote wa ukurasa mwekundu, yakaja mayai. Refa alipinga kwa sekunde chache, kwa heshima ya mchezo. Afisa wa bima alipoingia na vichupa mkononi, alimkuta baba yake mdogo akipangusa sahani kwa kipande cha mkate.

"Baba mdogo! Unatafuna nini?"

"Yai," alisema refa, ambaye uongo hakuujua. "Lakini penalti amepiga shemeji. Mimi nilikuwa golini tu."

Afisa wa bima aliweka vichupa mezani taratibu. Akamwomba baba mdogo arudi kesho asubuhi, tumbo tupu, tena apitie moja kwa moja kwake asipitie kwa mtu. Refa akaaga akiwa ameshiba na ameona haya, zaidi ameshiba.

Walipobaki wawili, mwana aligeuka. Shati lilimcheza mabegani.

"Mama, nieleze. Unataka nife kama baba?"

Angemwita mchawi isingemuuma hivyo. Mama Cherehani alivuta kiti akakaa.

"Huwezi kufa kama baba yako," alisema.

"Wewe unajuaje? Wataalamu wenyewe—"

"Wataalamu hawakuwepo. Mimi nilikuwepo." Akapiga moyo konde. "Alinioa una miezi mitatu tumboni. Si wake. Nilimfuata karakanani nikamwambia mwenyewe, kabla posa haijajibiwa, ili kama ni kurudi nyuma arudi. Alimaliza kupiga randa ubao wake, ndipo akasema, kitanda hakizai haramu, na kitanda nitakitengeneza mwenyewe. Hakulirudia tena neno hilo mpaka anakufa. Kwa hiyo ule moyo, mwanangu, haukukufikia."

Kazi yake ya bima ikamsaidia mwana kupata swali.

"Na huyo mwingine. Alikuwa na presha? Kisukari?"

"Sijui. Alikuwa na viatu vizuri. Ndicho nilichopata kukijua."

Alitarajia ghadhabu. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa mlango kubamizwa, hata kwa kuambiwa afunge mizigo yake. Mwanawe alikaa tu, mkono juu ya kifua, kama mtu anayepapasa mfuko wa shati akitafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi.

"Kwa hiyo moyo wa baba sina."

"Huna. Mshukuru Mungu, ule."

"Mikono yake sikupata," alisema, kana kwamba hakumsikia. "Msumari mmoja unanishinda, kila mtu anajua. Urefu wake sikupata. Sauti yake sikupata. Nikasema basi, angalau moyo." Akamtazama. "Hata huo, mama?"

Mama Cherehani alilia, na aliona vibaya kulia kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa yule pale amekaa macho makavu.

Jumapili asubuhi baba mdogo alibisha hodi mdomo umemkauka, tumbo linanguruma, tayari kulitumikia taifa. Familia nzima ilikuwa mezani. Mama Cherehani alimtazama mwanawe.

"Kaa, baba mdogo," alisema mwanawe. "Nimeghairi."

"Kwa nini? Nimekaa na njaa tangu jana!"

"Mate ya nini baina yetu? Sisi ukoo wetu ni wa moyo, jambo linajulikana. Baba mkubwa alikwenda kwa moyo. Baba yangu alikwenda kwa moyo." Hakumtazama mama yake alipolisema, ila alilisema polepole, kila neno mahali pake. "Na mimi ni mwanawe, lazima nijichunge. Wewe pia punguza mayai."

Mkewe alishusha pumzi ndefu, akampakulia mumewe kabichi ya ripoti. Akauliza kama kuna mwingine anayeitaka, alivyozoea kuuliza kwa kejeli.

"Nipe na mimi," alisema Mama Cherehani.

Ilikuwa haina chumvi, haina mafuta, haina jema lolote. Aliila yote, na mkwewe alipomuuliza kama amwongezee, akasema ndiyo.