Gobore la Neno Moja

Baba alipofariki alituachia gobore moja na ubishi wa kutosha watoto wawili. Gobore alikuwa akiliita Neno Moja, kwa sababu lilisema mara moja tu, halafu ilibidi ulibembeleze upya: baruti kwenye mdomo wa mtutu, risasi ya duara juu yake, kisha unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, mpaka alama aliyoikwaruza Baba kwenye ufito huo ilingane na mdomo. Mwisho kabisa, fataki, kile kifuniko kidogo kinacholipuka na kuwasha baruti. Kaka yangu, mwenye duka la vipuri na bunduki ya kisasa isiyoishiwa maneno, alitaka kulitundika sebuleni kwake juu ya televisheni. Mimi nilitaka kuwinda nalo.

"Wewe ni fundi cherehani," aliniambia mbele ya Mama. "Kawinde vifungo."

"Vya shati lako nimeshavikosa. Tumbo limevifukuza vyote."

Mama, ambaye tumemchosha tangu utotoni, akakata shauri. Nguruwe pori walikuwa wamefukua viazi vyake vyote vya bondeni, na kibali cha kuwawinda kilikuwa kinaisha Jumamosi. "Ukimpata mmoja kwa hilo gobore kabla kibali hakijaisha, ni lako," aliniambia. "Usipompata, kaka yako alichukue, na nisisikie tena habari zake."

Nikakubali palepale. Mimi nikisema ndiyo sirudi nyuma, hata pale ambapo mwenye akili timamu angerudi.

Ijumaa alfajiri kaka alikuja eti kuwa shahidi. Nilipakia gobore kwenye kibaraza cha jikoni huku yeye akinichokonoa kuhusu bunduki za makumbusho, na mimi nikimjibu neno kwa neno. Tukashuka bondeni. Nguruwe alitokea karibu kuliko nilivyotarajia. Nikalenga, nikavuta. Fataki ikalia ta, basi. Nguruwe aliinua kichwa, akanitazama kama mtu aliyeitwa halafu aliyemwita akasahau shida yake, akaondoka zake bila haraka.

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. "Neno lenyewe limekauka kooni."

Nilisubiri kwanza, mtutu ukiwa umeelekea kwenye ukingo wa udongo, maana Baba alitufundisha kwamba baruti nyingine huchelewa kusikia. Halafu nikaingiza mdeki. Ile alama ikazama ndani kabisa. Nikaelewa, na uso ukaniwaka kwa aibu: nilikuwa nimeshindilia risasi bila baruti. Nilipokuwa namjibu yeye, nililisahau gobore.

"Tupande nyumbani," kaka alisema. "Hiyo risasi haitoki leo."

"Kaa hapohapo."

Nilifungua kwa spana kile kidude kinachoshika fataki, nikapenyeza baruti punje kwa punje kwenye tundu lake, nikakirudisha, nikaishindilia risasi tena mpaka chini, nikaifyatulia udongoni. Ikatoka. Mikono ilikuwa myeusi, magoti yamelowa, na siku nzima imekwenda na maji. Lakini nilikuwa nimekasirika vizuri, ile hasira inayomfanya mtu aamke mapema.

Jumamosi nilimwambia mlangoni, "Nikishindilia usiniongeleshe." Akafunga mdomo. Baruti, risasi, mdeki, alama mahali pake. Fataki nikaifunika kwa kipande cha kitambaa nilichokipaka nta, maana umande ukiiingia huna bunduki, una fimbo.

Nguruwe walikuwa ng'ambo ya shamba. "Piga sasa," kaka alininong'oneza. Kwa bunduki yake, sawa. Kwa yangu, huo ulikuwa umbali wa kusalimiana tu, si wa kupiga. Nikatambaa kwenye majani yenye maji, upepo ukinipiga usoni, tumbo likilima tope, mpaka nikauona udongo uliokauka kwenye manyoya ya yule dume mkubwa. Nikang'oa kitambaa. Nikasema neno langu.

Moshi mweupe ukafunika kila kitu. Ndani ya moshi ule hujui kama wewe ni mwindaji au kichekesho cha ukoo, na huna la pili la kusema. Hicho ndicho ninachokipenda kwenye gobore, na ndicho kinachonitisha. Moshi ulipopungua, dume alikuwa amelala kwenye matuta ya Mama.

Kaka alishika miguu ya nyuma, mimi ya mbele, tukampandisha mpaka uani. Mama alitazama mara moja. "Limekuwa lako," akasema, akarudi ndani.

Kwetu ilikuwa sheria: aliyepiga haoshi. Baruti hula chuma, kwa hiyo gobore huoshwa siku hiyohiyo kwa maji ya moto, na utotoni kazi hiyo ilikuwa ya kaka. Tulipoingia jikoni alikunja mikono ya shati bila kuambiwa, akamimina maji kwenye mtutu. Yakatoka meusi, yakanuka mayai viza jiko zima. Ghafla akaacha kusugua.

"Linanuka Baba," alisema.

Nilidhani alikuwa anataka pambo. Kumbe alikuwa anamtaka Baba, kama mimi tu. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

"Ukutani lisingenuka hivi," nikamwambia, nikamwongezea maji ya moto.

Akasugua muda mrefu, akiwa amenipa kisogo. "Msimu ujao nishindilie mimi," akasema. "Na wewe usiniongeleshe."