Orly Amekataa Kula

Félicien alikulia kwenye mazizi ya kijiji cha Bogoro, na mpaka siku alipooa hapakuwa na jambo la uzazi alilolijua ambalo hakujifunza kwa ng'ombe. Joséphine, mke wake, alimvumilia katika mimba ya kwanza. Katika mimba ya pili alimwekea sharti moja: ng'ombe wasitajwe ndani ya nyumba. Félicien alikubali. Tangu hapo mazungumzo yao juu ya mimba yakawa mafupi sana.

Ndiyo maana muuguzi wa maternité, wodi ya wazazi, alipolizunguka tumbo la Joséphine kwa viganja na kusema mtoto amelala kwa upana, kichwa ubavu huu, miguu ubavu ule, Félicien alinyamaza, ingawa alikuwa na mengi ya kusema.

"Atageuka?" Joséphine aliuliza.

"Anaweza geuka. Anaweza pia bakia vile. Mama, weye utalala hapa mpaka siku ya kuzaa. Uchungu ikikukamatia nyumbani, na barabara ikifungwa siku ile, siye hatutakuwa na namna."

Hakusema barabara ingefungwa na nani, na wao hawakuuliza. Mji wa Bunia, walikoishi, ulikuwa na amani miaka hiyo. Ilitangazwa redioni kila wiki, na watu waliisikiliza viatu vikiwa karibu na kitanda.

Basi Joséphine akabaki hospitalini, na Félicien akarudi nyumbani na Orly, binti yao, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu na alikula kwa mkono wa mama yake tu.

"Akikataa kula, usimulazimishe," Joséphine alikuwa amemuagiza. "Umuache kidogo, kisha umuimbie."

"Nimuimbie nini?"

"Za kanisa."

Félicien hakuwa mwimbaji. Kwaya ya parokia iliwahi kumpokea, ikamsikiliza, ikamuomba kwa upole abebe ngoma.

Orly alikataa uji. Alikataa maziwa, ambayo hayakukosekana, maana baba yake aliishi kwa kuuza maziwa yaliyoletwa na motari, dereva wa pikipiki, kutoka Bogoro kila asubuhi. Andazi la beignet alimpa kuku. Fufu, ugali wa muhogo, aliitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyealikwa, akageuza uso. Félicien aliimba. Orly akalia. Ndipo Félicien akakumbuka jinsi alivyokuwa akimfundisha kunywa ndama aliyefiwa na mama yake: unachovya kidole katika maziwa, unakitia mdomoni, naye ananyonya. Alijaribu. Ndama hana meno ya mbele ya juu. Orly anayo.

Asubuhi iliyofuata, akiwa anachuja maziwa na kidole kimefungwa kitambaa, aligundua uani hakuna mtoto.

Nyuma ya ua wa matete aliishi Gertrude, na mume wake Antoine, na binti yao Glodie aliyelingana na Orly. Walikuwa wamekimbia kutoka Bule, wakakaa kwanza kwenye mahema ya waliohamishwa na vita, kisha wakapanga chumba. Félicien alijua wao ni wa Bule, nao walijua yeye ni wa Bogoro, pande mbili zilizopigana vitani. Katika mji ule hayo yalitosha. Hakuna aliyehitaji kutaja kabila. Gertrude na Joséphine waliombana chumvi na makaa. Félicien na majirani hao waliambiana "jambo", wakajibizana "jambo", na hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia na kuishia.

Alichungulia kwenye pengo la ua. Orly alikuwa ameketi chini kando ya Glodie, anakula fufu na sombe ya majani ya muhogo kwa mikono yote miwili. Gertrude alisimama.

"Amekuja yeye mwenyewe," alisema, kama anayetoa ushahidi mbele ya hakimu.

"Naona."

"Sikumuita."

"Naona, mama."

"Nimunyime?"

Félicien alimtazama binti yake, aliyekuwa na sombe mpaka kwenye nyusi.

"Hapana," alisema.

Alirudi kwake, akachota maziwa katika jagi, akaliweka chini kwenye ua. Jioni jagi lilirudi limeoshwa. Kesho yake Orly alikwenda tena, na kesho kutwa, na ikawa hivyo. Lakini kila mtoto aliporudi ameshiba, Félicien alimketisha magotini, akamtazama machoni, akampapasa tumbo, akangoja. Alingoja dalili ya sumu, na alijua ni aibu, na bado alingoja. Orly alikuwa akicheua tu, kisha analala.

Hospitalini Joséphine aliuliza, "Orly anakula?"

"Anakula."

"Unamuimbia?"

"Kidogo."

Agathe, mama mzazi wa Félicien, aliyekuwa Bogoro, hakuambiwa kitu kabisa. Vita vilimchukulia Agathe kaka mkubwa wa Félicien, na tangu hapo jina la Bule halikutoka kinywani mwake. Alikuwa akisema "kule", na wanaotoka huko aliwaita "watu wale".

Asubuhi moja Félicien alimpelekea Joséphine chakula, akamwacha Orly kwa Gertrude kama kawaida. Alikuwa bado ameshika sahani mke wake aliposimamisha kijiko na kusikiliza. Nje milango ya maduka ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Mlinzi wa geti aliingia, akasema upande wa Iga Barrière risasi zimelia, watu wanakimbia, na motari hata mmoja hayuko barabarani.

"Orly iko na nani?" Joséphine aliuliza.

Félicien aliweka sahani chini. "Iko kwa mama Glodie."

Joséphine alishusha kijiko. "Anakulaka kule?"

"Kila siku."

"Nilijua. Weye hujui kuimba." Alimalizia pale, kisha mkono wake ukashika tumbo na sauti yake ikabadilika. "Enda, Papa Orly. Enda umuone kwa macho."

Félicien alitembea, kisha akakimbia, kisha akatembea tena, kwa sababu mtu anayekimbia siku kama ile huulizwa anakimbia nini. Barabara ya soko ilikuwa tupu. Nyanya zilibaki juu ya meza bila mwenyewe. Alipofika, mlango wa Gertrude ulikuwa na kufuli. Sufuria ilikuwa jikoni, makaa yangali mekundu.

Mzee Assani, aliyeishi ng'ambo ya njia, alifungua dirisha kiasi cha pua kupita.

"Wameenda. Antoine alikuwa mu kazi, hajarudi. Mama amebeba mutoto mumoja mugongoni, mwingine ku mukono."

"Wameenda wapi?"

"Watu wakikimbia hawaachake adresse," Mzee Assani alisema, akafunga.

Félicien alisimama katikati ya njia. Kwanza aliwaza lile alilokuwa akilingoja kila jioni kwa mkono juu ya tumbo la mtoto: kwamba watu wale watamdhuru. Halafu, huku miguu imekwisha kuanza kwenda kuelekea parokia, wazo la pili likaja na kulisukuma la kwanza. Gertrude anakimbia na mtoto wa Bogoro. Wa kwao wakimkuta naye, watamuuliza. Wa kwetu wakimkuta naye, watamuuliza pia, na wa kwetu ndio waliojaa upande huu wa mji. Hakuwa amewahi kuiona hofu kutoka upande ule. Haikuwa tofauti na yake.

Kanisani hawakuwepo. Aliwakuta kwenye uwanja wa shule ya msingi, katikati ya wanawake wenye magodoro na mabeseni. Gertrude alikuwa ameketi kando ya ukuta, Glodie miguuni pake, Orly amefungwa mgongoni kwa kikwembe, amelala mdomo wazi. Alipomwona Félicien alijiweka sawa, kama mtu anayesubiri kugombezwa.

"Nimefunga nyumba sababu vijana walikuwa wanapita, wanauliza nani iko anaishi wapi," alisema. "Singeweza kumuacha peke yake."

"Hamkukutana na shida?"

"Tulikutana nao pa njia panda. Vijana wa kwenu." Alisema bila chuki, kama anayetaja rangi ya mlango. "Wakauliza huyu wa mugongoni ni mutoto ya nani. Nikasema ni wangu. Wakasema hatufanane. Wakamuamsha, wakamuuliza yeye mwenyewe."

"Akajibu nini?"

"Akasema anataka sombe."

Félicien akafuta mate kidevuni mwa Orly.

"Mumoja akacheka," Gertrude alisema. "Wakatuacha."

Gertrude alikaza fundo la kikwembe. Félicien akaketi chini, vumbini, kando yake. Alitafuta neno la shukrani, na yote aliyoyapata yalikuwa madogo.

"Kwetu, ng'ombe..." alianza, akakumbuka, akakoma.

"Sema tu."

"Kwetu, ng'ombe mwenye kuacha ndama ya mwingine anyonye, hatumuuzake. Hatumuchinjake. Anazeekea mu zizi."

Gertrude alifikiri. "Unanifananisha na ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Ng'ombe ya namna gani?"

"Ya muzuri."

"Basi," alisema Gertrude.

Mchana watu walianza kurudi majumbani. Wengine walisema ilikuwa gurudumu la lori lililopasuka, wengine wakasema gurudumu halipasuki mara nyingi vile. Antoine alirudi jioni bila jeraha na bila maelezo. Mtu wa meza ya nyanya alikuta nyanya zake zote zipo, na hilo lilizungumzwa kuliko risasi.

Barabara ya Bogoro ilipofunguliwa, Agathe alishuka kwenye pikipiki ya motari akiwa na kuku kwapani na furushi kichwani. Aliingia uani kwa mwanawe, akasimama. Orly alikuwa mgongoni kwa Gertrude. Félicien alimweleza mama yake yote, kuanzia uji mpaka njia panda, na hakuficha kwamba Gertrude ni wa Bule. Agathe alisikiliza mpaka mwisho. Kuku akanya. Agathe hakumtazama.

"Unatia mawese ndani ya sombe yake?" alimuuliza Gertrude hatimaye.

"Kidogo, mama."

"Mawese inaharishaka mutoto."

"Hajahara."

"Atahara," Agathe alisema, akaingia ndani kuvua viatu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza.

Mtoto hakugeuka. Uchungu ulimshika Joséphine mapema asubuhi, na kwa kuwa alikuwa pale pale hospitalini, walimpeleka moja kwa moja kwenye césarienne, kuzalishwa kwa upasuaji. Félicien alikaa kwenye benchi la nje, peke yake, bila kufikiria mnyama yeyote. Alipoitwa na kuambiwa ni mvulana, na mama yuko hai, alisema "asante" kwa muuguzi, kwa mlinzi, na kwa mtu mwingine aliyekuwa anapita na ndoo.

Agathe na Gertrude walifika pamoja, Orly katikati yao. Mlinzi wa geti aliwazuia: jamaa peke yake.

"Mimi ni koko ya mutoto, mama ya baba yake," Agathe alisema.

"Na huyu mama?"

Agathe alikuwa Mkristo wa siku nyingi na hakupenda uongo hata mdogo. Alimtazama Gertrude kwa muda.

"Ni mwenye kulisha mutoto," alisema.

"Mutoto gani?"

"Ule."

Orly alikuwa anakula kiazi. Mlinzi alipima jambo hilo, akasogea pembeni.

Joséphine alikuwa amelala, midomo mikavu, macho wazi. Alimshika Gertrude mkono. Kisha akasema kama angezaa msichana angemwita Gertrude.

"Afazali ni kijana," Gertrude alijibu. "Ile jina mimi mwenyewe sikuipendaka."

Wakamwita Fabrice. Agathe alimbeba kwanza, kama ilivyo haki yake, akamkagua masikio na vidole, akasema anafanana na marehemu, na mle chumbani hakuna aliyeuliza marehemu gani. Kisha mkono wake ukachoka. Félicien alikuwa ametoka kutafuta dawa. Joséphine hakuweza kuinuka. Agathe alizungusha macho chumbani, taratibu, na mwenye mikono mitupu alikuwa mmoja tu.

"Shika kichwa," alisema, akamkabidhi.

"Nashika, mama."

Gertrude alikuwa amezaa mara tatu, na Glodie peke yake ndiye aliyefika naye Bunia. Alijua namna ya kushika kichwa. Hakusema hivyo. Alimweka mtoto begani, akaanza kuyumba polepole kama wanavyoyumba wanawake wote wenye mtoto begani, na Agathe akaenda kunawa mikono, wala hakufanya haraka kurudi.