Mgeni Aliyemaliza Sahani

Kila jioni, kabla wageni hawajaanza kupiga simu jikoni, mhudumu wa vyumbani alipangusa toroli, akakunja leso za kitambaa, akatikisa kichupa cha chumvi kuona kama kinatoa, kisha akaenda kwenye friji kumtoa kuku. Hoteli ilikuwa na ghorofa kadhaa, bwawa la kuogelea na ukumbi wa mikutano, lakini kuku wa huduma ya chumbani alikuwa mmoja tu. Jikoni walimwita Babu.

Babu aliingia hotelini wiki ile ilipofunguliwa. Mpishi wa kwanza alimchoma, akapelekwa juu, mgeni akamega kipande kimoja na kumwacha. Aliporudishwa chini, pengo lilikuwa limeshajifunga. Tangu siku hiyo hakukuwa na sababu ya kununua mwingine. Babu alimegwa, akarudi, akapumzika kidogo chini ya kifuniko mpaka nyama ikajirudia, akamwagiwa mchuzi wa moto na kupandishwa tena. Wageni wawili wakiagiza kwa pamoja, wa pili alibembelezwa asubiri kidogo. Ndiyo maana huduma ya chumbani ilichelewa pale, na wale waliolalamika kwamba jikoni watu wamelala walikuwa wanawaonea bure. Mpishi wa sasa alimkuta Babu kazini, na kila asubuhi alipofungua friji alimpa shikamoo yake kabla ya kuwasha jiko.

Nyama yake ilikuwa na ladha ya friji, na mtu akizidi kuitafuna, ladha ya kitambaa kibichi. Kilichokuwa na afya ni bei. Kila mara meneja alipopandisha bei alirefusha na jina. Kwanza aliandikwa Kuku, halafu Kuku wa Kuchoma, na kufikia mwaka huu alikuwa Kuku wa Kuchoma Taratibu kwa Mchuzi wa Siri wa Mpishi Mkuu. Hakuna mgeni aliyefika popote kuilalamikia ladha. Mtu aliyelipa fedha ile huona haya kukiri kwamba ameliwa yeye, kwa hiyo walisema wote, "Unajua, nilikula vizuri mchana." Mhudumu alikuwa ameisikia sentensi hiyo hadi akawa anaijua kutoka mlangoni. Alikuwa na namna yake ya kuvumilia: alifunua kifuniko na kuangalia pazia.

Angeweza kuishi hivyo mpaka astaafu, kama si mdomo wake. Kwenye harusi na misiba ya ukoo, watu wakishakaa na kunyoosha miguu, yeye ndiye aliyeelezea chakula cha hotelini. Alitia chumvi bila huruma. Aliwaeleza nyama inayoachia mfupa yenyewe na mchuzi unaomfanya mgeni alambe kidole akiwa na tai shingoni. Mama yake alimsikiliza mkono shavuni, akimeza kila neno. Kwa hiyo ndugu zake walipoamua kumshukuru Mama, aliyewalea peke yake baada ya baba yao kufariki, hawakuumiza vichwa.

"Tumeshachanga," dada yake alimwambia kwenye simu. "Mama analala hapo kwenu Jumamosi. Na chakula aletewe chumbani, umletee wewe mwenyewe."

"Si aje tu nyumbani kwangu? Mke wangu atampikia."

"Kwako si anakujua? Tunataka na yeye aonje raha. Au unaona choyo, kaka?"

Mhudumu akasema haoni choyo. Alipokata simu, uso ulikuwa unamwaka kwa aibu.

Jumamosi alimwendea mpishi, akamwomba amchomee Mama kuku mwingine, wa kawaida, aliyechinjwa karibuni. Mpishi alimtazama kwa masikitiko ya kweli. Alisema jiko lake lina miaka linachemsha mchuzi tu, na kwamba hata kama angempata huyo kuku, hana uhakika kama mkono wake bado unakumbuka. Basi mhudumu akatoka kwa mlango wa nyuma, akavuka barabara hadi kwenye mgahawa mmoja wa meza za plastiki, akanunua kuku kwa fedha yake na kumfunga kwenye karatasi. Alikusudia kumweka chini ya kifuniko, na siri ife hapohapo.

Alimkuta meneja mbele ya lifti, koti limefungwa vifungo vyote.

"Nasikia leo tuna mama wa mwenzetu," meneja alisema. "Twende wote. Nitamfunulia mwenyewe."

Kuku wa mgahawani alibaki kwenye kabati la mifagio. Babu alipanda.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, viatu vyake amevipanga sambamba karibu na mlango kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Meneja akamwamkia kwa heshima zote, akafunua kifuniko, akalitaja jina la chakula tangu mwanzo hadi mwisho.

"Marahaba, baba," Mama alisema. "Na jina refu hivyo, huyu amekuja peke yake au ukoo wake uko njiani?"

Meneja akacheka mpaka nje ya mlango. Mama na mwana wakabaki na sahani.

Mama akanawa mikono, akasogeza uma na kisu pembeni, akamega paja. Mhudumu hakuangalia pazia safari hii. Alimwona mama yake akitafuna, akaona taya zikisimama kidogo, kisha zikaendelea polepole. Akangoja aseme kwamba alikula vizuri mchana. Alilitamani neno hilo, na papo hapo akajichukia kwa kulitamani.

Mama akamega tena.

"Mama, ukishiba acha tu. Watu wengi huwa wanaacha."

"Nani amekwambia nimeshiba?"

Nyama ilianza kujirudia kama kawaida, kwanza kwenye paja, halafu kifuani, lakini mama huyu alikuwa amelisha watoto sita kwenye sinia moja na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa kuku. Paja likirudi, alikuwa ameshalirudia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mara mbili alifumba macho na kushika tumbo, akashushia maji, akaendelea. Taa za barabarani ziliwaka nje akiwa bado anatafuna. Nyama ilipokata tamaa akaingia kwenye mifupa, akaivunja kwa magego, akaifyonza, akaisaga, akameza. Mwisho akapangusa mchuzi kwa kipande cha mkate na kula mkate. Mwanawe alisimama muda wote huo mikono nyuma, anatamani ardhi ipasuke immeze.

"Kaa chini," Mama alisema.

Wahudumu hawaruhusiwi kukalia viti vya wageni, kwa hiyo akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

"Huyu ameshapita kwa watu wengi."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ndiye unayembeba."

"Ni mimi."

"Na ile bei niliyoiona kwenye karatasi pale mezani, ni yake huyuhuyu?"

"Ni yake."

Mama alipangusa vidole kwa leso. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza mhudumu. Laiti angemgombeza kama zamani.

"Nilipokuwa nakusikia unavyomsimulia, nilikuwa nasema, mwanangu anawapa watu vitu vizuri," Mama alisema. "Basi. Nimemmaliza. Kwa mkono wako huu hatapewa mtu mwingine. Sasa watapika kitu cha maana, na wewe utabeba kitu cha maana. Chukua sahani yako, uniache nilale."

Jikoni mpishi aliipokea sahani, akaigeuza juu chini.

"Na mifupa?"

"Na mifupa."

Mpishi akavuta kiti akakaa kama mtu aliyeletewa habari za mgonjwa wa siku nyingi kwamba amepumzika. Kisha akasema kwamba basi kesho itabidi waende sokoni, akainuka kutafuta kisu chenye makali. Kwa mazoea tu, aliifunika sahani tupu na kuirudisha kwenye friji. Mhudumu alirudi kwake na kulala usingizi mzito, wa kwanza wa namna hiyo tangu apate kazi.

Asubuhi alimsindikiza Mama hadi kituoni. Uso wa Mama ulikuwa umepauka, na alitembea amejishika ubavu, lakini alipoulizwa alisema ni uchovu wa kitanda laini. Mhudumu alirudi hotelini anapiga mluzi. Alimkuta mpishi amesimama mbele ya friji iliyo wazi, kisu mkononi. Kwenye sahani, katikati, kilikuwa kimeota kipapatio. Walikitazama wote wawili. Kufika mchana paja na kifua vilikuwa tayari, ngozi imekauka vilevile kama siku zote. Mpishi akamwamkia Babu, akakirudisha kisu kwenye droo.

Meneja naye alikuwa amepata taarifa kwamba sahani ya jana ilishuka nyeupe. Aliwaita wafanyakazi wote. Alisema tangu hoteli ifunguliwe hakuna mgeni aliyewahi kumaliza chakula cha chumbani, na sasa yupo, mwanamke mtu mzima, mlezi wa familia, na amekula mpaka mifupa. Kama huo si ushahidi wa ubora, yeye hajui ushahidi ni nini. Bei ikapanda wiki hiyohiyo. Ila jina, kwa mara ya kwanza, lilifupishwa. Orodha mpya za vyakula zilichapwa kwenye karatasi nzito na kuwekwa vyumba vyote.

"Huoni fahari?" meneja alimuuliza mhudumu mbele ya watu.

"Naona," mhudumu alijibu.

Dada yake hakupiga simu mpaka wiki ilipokwisha. Alisema Mama aliugua tumbo tangu aliporudi, alikuwa hali wala hanywi, wakadhani watampoteza, lakini sasa ameamka na ana maneno kama kawaida yake. Halafu Mama akainyakua simu.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa, achana na hayo. Niambie, wamepika kingine?"

Mhudumu alikuwa jikoni. Mpishi alikuwa anakoroga mchuzi, na kwenye toroli Babu alikuwa anapumzika, ametoka chumba kimoja sasa hivi, kifua kimebakiza kidogo kufunga.

"Wamepika kingine, mama."

"Kizuri?"

"Kizuri."

"Kinaitwaje?"

Hili hakuwa amejiandaa nalo. Kwa kuwa hakupata uongo wa haraka, alisema kweli.

"Kinaitwa Kuku wa Mama."

Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na mhudumu akamsikia anawaita watu wa nyumbani waje wasikie, hoteli nzima imekipa chakula jina lake, njooni msikie jamani. Aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa imelowa.

"Sasa hapo umenifurahisha, mwanangu. Wapelekee watu, wale."

Mhudumu aliirudisha simu mfukoni, akabaki ameinamisha kichwa. Simu ya ukutani ikalia, mpishi akapokea, akataja chumba, akamwagia mchuzi. Mhudumu akaweka kifuniko, akasukuma toroli hadi kwenye lifti.

Mgeni alikuwa kijana mwenye suti, macho mekundu ya safari. Alimega kipande, akatafuna, taya zikasimama kidogo. Akaishika ile orodha ya vyakula, akaiangalia bei, akaiweka chini taratibu.

"Huyu mama wa kwenye jina ni mama wa nani?" akauliza.

"Ni mama yangu."

Mgeni alimtazama, akaona haya, akautua uma kando ya sahani kwa adabu.

"Mwambie ni mtamu sana," akasema. "Ni vile tu nilikula vizuri mchana."

"Nitamwambia," mhudumu alisema, akamsogezea bili asaini.