Ubatizo Mbele ya Bomba

Mwaka ule magugumaji yalikuwa yamefunga ufukwe wetu wote wa ziwa, na mahali pekee palipobaki wazi palikuwa mbele ya bomba la kiwanda kipya cha minofu ya samaki. Bomba lilitapika mchana na usiku, na nguvu ya maji yake ikayasukuma magugu mbali. Watu wa mtaa wetu wakaona hiyo ni neema. Wakahamia hapo kuoga, kufua na kuogelea. Maji yanatembea, walisema, na maji yanayotembea hayana uchafu. Yanatembea, sawa, lakini yanatoka wapi? Yalikuja na damu ya sangara, matumbo yake na dawa za kuoshea sakafu. Bwana afya alisimika kibao cha kukataza watu kuoga, na kabla jua halijazama nepi zilikuwa zimeanikwa juu yake. Watoto wakatoka upele, wakaharisha. Tukaambiwa ni maembe mabichi.

Hapo ndipo Mchungaji Mihayo alipotangaza ubatizo, palepale mbele ya bomba. Kanisa letu linamzamisha mtu mzimamzima, kikombe cha maji hakitoshi. Nilimfuata baada ya ibada nikamwomba twende kubatizia Kisesa, kwenye lambo. Akacheka.

"Dada Dorcas, hata Yordani ilikuwa na matope. Naamani hakupona?"

Huyo Naamani ndiye aliyetuponza. Baba mkwe wangu, Mzee Nkwabi, mfuga ng'ombe wa Misungwi aliyehamia kwetu uzeeni, alikuwa amekataa kuokoka miaka nenda rudi. Mama mkwe alimwombea mpaka magoti yakaota sugu. Kisha Jumapili moja mzee akasikia mahubiri ya Naamani, yule mkoma aliyejichovya mtoni akatoka na ngozi ya mtoto, na jioni ile ile akasema yuko tayari kubatizwa. Tulipiga vigelegele nyumba nzima. Na mimi nikapiga, mjinga mimi.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo ubatizo, nilimkuta mama mkwe nyuma ya nyumba anafua vitambaa vyenye usaha.

"Ni mguu wa baba yako," alininong'oneza. "Plau ya ng'ombe ilimkata alipokwenda kulima shamba. Anasema maji ya ubatizo yatamponya. Usimwambie mtu."

"Mama, kwenye maji yale mguu utaoza! Mwambie aende hospitali kwanza."

"Mwambie wewe."

Alijua siwezi. Kwetu mke wa mwana hautaji mwili wa baba mkwe, hata jino lake likimuuma. Nikamwendea mume wangu, Masalu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa na mdomo anao.

"Unataka mzee abadili mawazo?" akaniuliza. "Mama atakufa kwa huzuni."

"Atakayekufa siyo mama!"

Akavaa viatu akatoka. Nilitamani kumrushia sufuria.

Jumapili tulijipanga ufukweni, kwaya mbele, tukiimba huku tumebana pua. Mchungaji alikuwa ameshaingia majini hadi kiunoni, na povu la kiwanda limemzunguka. Waliotangulia walizamishwa, wakaibuka wakitema mate. Ikafika zamu ya Mzee Nkwabi. Alishuka akichechemea, joho jeupe mpaka kwenye vifundo, uso wake umejaa furaha ambayo sikuwahi kuiona. Nilimtazama Masalu. Masalu akatazama chini.

Nikaacha kuimba.

"Baba, usiingie! Una kidonda mguuni, kinatoa usaha, na maji haya ni machafu!"

Kwaya nzima ikanigeukia. Mchungaji akauliza kama ni kweli. Mzee aligeuka akaniangalia mimi, bila hasira, na macho yake yakalowa.

"Mkwe wangu amenivua nguo mbele za watu," alisema, kisha akapanda kurudi nyumbani peke yake.

Kesho yake ndipo Masalu alipopata ujasiri wa kumpeleka hospitali. Walikata nyama iliyooza, wakamchoma sindano, na daktari akasema angechelewa kidogo tu wangeukata mguu wenyewe. Waliobatizwa wakajikuna wiki nzima, Mchungaji akiwa wa kwanza, na wakasema ni shetani aliyekasirika. Kwangu hakuna aliyekuja kusema ahsante. Walikuja kuniambia sina adabu.

Kidonda kilifunga. Mzee akaanza kutembea vizuri, lakini kanisani hakukanyaga tena. Mchungaji alimfuata kumbembeleza, hata akakubali kwenda kule lamboni Kisesa. Mzee alimkaribisha uji, akamsikiliza, akamwambia mambo hayo kwake yamekwisha.

Siku moja nikiwa jikoni na mama mkwe, tukichambua dagaa, tulimwona mzee akipita uani kwa hatua za kijana. Nilishindwa kujizuia.

"Lakini mama, mguu si umepona?"

"Umepona," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Sasa mbinguni utaingia mguu peke yake?"