Tandu wa Shamba la Genoveva

Genoveva alikuwa na hasira na tandu, na hasira, jamani, hasara. Mwaka jana tandu mmoja mkubwa, mweusi, alimng'ata mjukuu wake kitandani, mguu ukavimba mtoto asikanyage chini wiki nzima. Bibi wa watu akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaimimina yote kwenye lundo la samadi nyuma ya nyumba, maana huko ndiko alikowaona tandu wamejaa. Wakafa wote. Akafurahi, tena akawatukana.

Kumbe wale wa kwenye samadi walikuwa tandu wengine kabisa. Wembamba kama uzi, wekundu-wekundu, wanaishi udongoni na hawamdhuru mtu. Kazi yao kuwinda funza wanaokula mizizi. Nani angemwambia? Na kwetu huku kijijini Daudi samadi haikai nyumbani, msimu ukikaribia inapelekwa shambani. Akaibeba na sumu yake, akaitandaza shamba zima, nalo ndilo pekee alilonalo.

Mahindi yalipofika magotini yakaanza kulala. Akang'oa shina moja, likaja bila mizizi. Akachimba kwa jembe, akakuta funza weupe, wanene, wamejikunja. Tandu hakuna hata mmoja.

Akamwita shemeji yake, Basili. Mzee akachota udongo, akaunusa.

"Shemeji, umeweka nini humu?"

Akamweleza yote. Basili akautupa ule udongo.

"Hao uliowaua ndio waliokuwa wanakulindia shamba. Udongo wa juu bado una dawa, na funza wako chini zaidi, haiwafikii. Watarudi, ila sijui lini. Labda miaka mitatu."

"Na hiyo miaka mitatu tutakula nini?"

Basili akakung'uta mikono. Akaaga, akaenda zake. Genoveva alijichukia siku hiyo, akatamani ardhi immeze.

Asubuhi yake Lucia, mjane wa bondeni, mwenye watoto wanne, akamfuata shambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimekuja uniangalizie mahindi yangu. Yanalala tu. Na nilitia samadi ya kutosha, ile uliyonigawia."

Genoveva akashika mpini wa jembe. Angeweza kusema ni mvua, na Lucia angeamini. Akamwambia ukweli.

Lucia hakulia wala hakumlaumu. Alikaa chini palepale kwenye tuta, akauliza taratibu, "Mama, yale yaliyobaki wima, niyang'oe au niyaache?"

Genoveva akaweka jembe chini, akakaa karibu naye.